Hasira Iliyotoka Shingoni

Watu wa Rubondo, kambi ya wakimbizi katika upande wa Mbarara, walimjua Nabintu kwa upole. Asubuhi alitwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni huku binti yake mdogo, Grâce, akicheza karibu naye. Hata kuku akidonoa unga wake, alimwambia, "Pole pole, mama." Kuku! Mimi ningemrushia kiatu.

Halafu Nabintu akabadilika. Alifoka kwa jambo dogo. Alikula sana lakini akazidi kukonda. Mikono ilimtetemeka, na usingizi ukampotea. Siku moja Grâce alimwaga uji. Nabintu alirusha mwiko, ukampita mtoto karibu na sikio. Kisha akaketi chini akalia.

"Miye sijielewi," alimwambia mume wake, Constantin. "Roho inanipiga mbio."

Nabintu alimaanisha moyo, ule unaodunda kifuani. Lakini Constantin alipofika kwa wenzake wa maombi, alisahau neno moja.

"Bibi yangu anasema roho inamupiga," aliwaambia.

Wenzake wakasikia pepo. Wakaamua Nabintu afunge kula, na Grâce apelekwe Ruti, mjini Mbarara, akakae kwa shangazi yake.

"Mubebe vyote!" Nabintu alilia. "Lakini mutoto wangu, hapana!"

Kilio hicho kilimleta jirani yao Doriane, Mrundi, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Mama Grâce, roho inapiga namna gani?" aliuliza.

Nabintu akauchukua mkono wa Doriane, akauweka kifuani pake. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kweli kweli, na mwenyewe ameketi tu! Doriane akatazama shingo. Ilikuwa imevimba kidogo mbele.

"Baba Grâce, huu ni moyo," alisema. "Na shingo imevimba. Musimufungishe kula, amekonda sana. Mumupeleke kwa daktari. Grâce atabaki kwangu."

"Na maombi?"

"Muombe. Lakini muombe mukiwa mu njia."

Huko Mbarara, Daktari Kyomugisha alimshika Nabintu shingo, akamwambia ameze mate. Kisha akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka, aliwaita wote wawili.

"Hapa kwa shingo iko tezi," alisema. "Ni kidogo, iko kama kipepeo. Inatoa kitu tunaita homoni. Homoni inaingia kwa damu, inaambia mwili: enda pole, ama enda mbio. Ya mama inatoa mingi sana. Moyo inakimbia, ubongo pia inasumbuka. Ndiyo sababu iko hasira, na usingizi hakuna."

Constantin alijishika shingo yake mwenyewe, polepole, kama mtu anayeshika yai.

"Kadogo hivi?" aliuliza. "Ndiko kanabadilisha mutu?"

"Ndiyo. Na wewe iko nayo."

Miaka yote hiyo Constantin amelima, amekimbia vita, amelea mtoto, na kitu kidogo hivyo kilikuwa kinafanya kazi ndani yake, kimya, bila kumwomba ruhusa! Alimtazama mke wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Machozi yakamlengalenga.

"Basi kila hasira inatoka hapa?" aliuliza.

"Hapana," daktari alicheka. "Ingine inatoka kwa shida, ingine kwa mambo mutu aliona. Lakini mutu akibadilika namna hii, tupime mwili pia."

Nabintu alipewa dawa ya kumeza kila siku. Aliambiwa asiiache hata akipata nafuu, na arudi kupimwa damu. Haikuwa kazi ya siku moja. Kwanza moyo ulitulia, kisha usingizi ukarudi. Mwili nao ukaanza kunenepa. Doriane akamrudisha Grâce kwa mama yake, na habari ya Ruti ikaisha.

Asubuhi moja Constantin aliacha ua wazi. Mbuzi wa jirani wakaingia shambani, wakala maharage yote. Nabintu alimgombeza mumewe mpaka majirani wakatoka nje.

Constantin aliogopa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama Grâce, dawa ulimeza?"

"Nilimeza!" Nabintu alijibu, mikono kiunoni. "Hasira hii ni yangu mwenyewe. Kamata jembe!"

Constantin akakamata jembe, akaenda shambani akicheka kwa furaha.