Yuniti Arobaini na Nne

Haya sikusimuliwa, ndugu zangu. Niliyaona, na mengine niliyatenda kwa mkono wangu huu huu. Kwa hiyo nikipandisha sauti mnivumilie. Nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mimi ni karani wa kliniki ya kisukari katika hospitali yetu. Nyumbani tunapakana ukuta kwa ukuta na familia moja iliyokuwa raha kuitazama. Jumamosi asubuhi ungemkuta baba wa nyumba, fundi friji, amepiga magoti uani mbele ya friji la mtu, akipiga mluzi. Mama yake, ambaye mtaa mzima tulimwita Bibi, angekuwa mlangoni na sindano na uzi. Alikuwa fundi cherehani miaka arobaini, na ingawa macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, vidole vyake vilijua njia. Mjukuu wake wa kike, wa miaka kumi na saba, angekuwa ubavuni pake. Bibi alimbandika jina la Profesa kwa sababu alisoma kila maandishi yaliyompitia mbele, hata maelekezo ya kwenye kiberiti.

"Bibi, hapa wameandika dawa ya mbu isipuliziwe machoni."

"Kwani kuna mtu alikuwa na mpango huo?"

Wakacheka wote, mpaka fundi akakosea mluzi.

Mama wa nyumba ndiye tutakayemzungumzia. Alikuwa muuguzi, mchangamfu, msafi wa sare, mwenye bidii ya kutosha kukimbiza wodi nzima. Nasema hivyo kusudi msidhani nawasimulia habari za mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya, tungemshtukia mapema.

Siku moja ilitangazwa kwamba kliniki yetu itaongozwa na muuguzi bingwa, yaani muuguzi aliyesoma shahada ya juu na kupewa ruhusa ya kupima, kuamua na kubadilisha dozi bila kumngoja daktari. Jirani yangu akajiandikisha masomo ya jioni. Akajiandikisha pia muuguzi mwingine, msichana mwembamba tuliyemwita Sista Maswali. Hakuna aliyeweza kupita mbele yake bila kuulizwa kitu.

Katika masomo yale walifundishwa nadharia za uuguzi. Mtaani na hata wodini tunalisikia neno nadharia kama maneno ya kupotezea watu muda. Jirani yangu alilisikia hivyo hivyo.

"Karani," aliniambia siku moja, "miaka kumi na minane nadunga watu sindano. Leo nikae niandike kurasa ishirini kuhusu maana ya kumhudumia mgonjwa? Si mchezo huo?"

Akamtafuta kijana mmoja wa duka la fotokopi anayewaandikia watu kazi zao za chuo. Kazi ilipokuwa tayari nilimchapia mimi, kwa printa ya ofisi. Niliisoma, maana na mimi umbea ninao. Ilisema muuguzi aanze kwa kutazama yale ambayo mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe, kisha atafute yale yanayomshinda, halafu azibe pengo hilo kwa kumfanyia, kumsaidia au kumfundisha. Maneno mazuri! Yalipata alama ya juu kuliko zote darasani. Aliyeyawasilisha hakuyasoma hata mara moja.

Sista Maswali yeye alishinda kwenye korido na daftari, akiwauliza wagonjwa wanavyoishi na dawa zao. Kazi yake ilirudishwa mara mbili airekebishe. Walipohitimu, mmoja alikuwa wa kwanza na mwingine karibu na mkiani. Nadhani mmekwisha jua nani alipewa kliniki. Tangu siku hiyo jirani yangu akaitwa Sista Digrii, na jina lilimkaa vizuri.

Sasa, muuguzi hasomi mara moja akamaliza. Kila mwaka lazima ahudhurie mafunzo ya kujiendeleza, la sivyo leseni yake haihuishwi. Daftari la mahudhurio nilikuwa nalishika mimi. Sista Digrii alikuwa akifika, anasaini, ananitolea tabasamu, anaondoka kwenda kibarua chake cha pili kwenye zahanati ya mtu binafsi. Mara nyingine hakufika kabisa. Alinipigia simu tu, "Karani, nisainie bwana," nami nikasaini. Tulicheka. Niliona ni ujirani mwema. Semina moja kati ya hizo ilikuwa ya namna ya kumfundisha mgonjwa kujidunga insulini. Saini yake ya siku hiyo niliiandika mimi.

Bibi alikuwa mgonjwa wetu. Alijidunga mwenyewe asubuhi na jioni, mlango umefungwa, kwa kuwa hakupenda kutazamwa. Aliambiwa kila mara avute yuniti ishirini, yaani vipimo ishirini vya insulini. Akija kliniki sukari iko juu.

"Mama, imepanda tena," mkwewe akamwambia, macho yakiwa kwenye faili. Nyuma kulikuwa na foleni ya watu hamsini. "Unakula nini kwa siri?"

"Sili kitu, mwanangu."

"Basi mashine ndiyo mwongo?"

Bibi akamsogezea kadi yake ya kliniki. Mtu mzima akishaitwa mwongo kwa adabu, ajibu nini? Dozi ikapandishwa hadi ishirini na nane. Mwezi uliofuata, thelathini na sita. Mwezi wa tatu, arobaini na nne. Mara zote hizo tatu hakuulizwa swali moja dogo: Mama, hebu nionyeshe unavyovuta dawa.

Angeulizwa, ukweli ungejulikana kwa dakika mbili. Bibi hakuwa anaiona mistari ya kwenye bomba la sindano. Ni midogo kama nyayo za sisimizi. Alikuwa akivuta kwa kukisia, nusu dawa, nusu hewa, na aibu ilimzuia kusema. Fundi cherehani wa miaka arobaini atasemaje kwamba haoni? Waliolala chumba cha pili walikuwa muuguzi bingwa na mumewe, na hawakujua.

Ikatokea wiki ya likizo za shule Bibi akaungua mkono kwa pasi. Asubuhi ile fundi alikuwa ameitwa kazini mapema, na Sista Digrii anachana nywele mbio mbio.

"Mama, nani atamdunga Bibi?" Profesa akauliza.

"Mdunge wewe. Kipimo kimeandikwa kwenye kadi. Si unajua kusoma?"

Akaondoka. Mtoto akasoma kadi. Akavuta dawa, akagonga bomba kutoa hewa, akahesabu mistari, akahesabu tena. Arobaini na nne kamili. Hata muuguzi wa miaka ishirini kazini asingeweza kufanya kwa usahihi zaidi. Bibi akanywa chai na kipande cha mkate, akasema anasikia usingizi, akalala. Profesa akaona amwache apumzike.

Saa sita mchana nilikuwa nimerudi nyumbani kufuata funguo za masjala. Nikasikia ukelele uliotoboa ukuta. Nilipoingia nilimkuta Bibi amelowa jasho, taya limekaza, anarusharusha miguu, na mjukuu wake amemkumbatia akimwita. Tulimpakia kwenye gari la jirani. Pale mapokezi kipimo cha sukari hakikutoa hata namba, kiliandika tu kwamba sukari iko chini mno. Wakamtilia sukari kwenye mshipa. Alifumbua macho, lakini ubongo ulikuwa umekaa bila chakula muda mrefu. Yule Bibi wa utani hakurudi tena. Alimtazama mwanawe kama anavyomtazama mpita njia.

Hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Siku ya pili mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, aliita kikao. Tulikaa ofisini kwake, fundi, mkewe, Profesa, Sista Maswali aliyekuwa zamu siku ile, na mimi wa kuandika. Mfawidhi akafungua faili.

"Mgonjwa amedungwa nyumbani na mtu asiye na mafunzo," akasema. "Kwa hiyo taarifa itaeleza kuwa familia ilizidisha kipimo."

Nikamtazama Sista Digrii. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikangoja aseme. Hakusema.

"Baba, nilihesabu mara mbili," Profesa akanong'ona. "Wallahi, nilihesabu mistari mara mbili."

"Nyamaza kwanza, mama," fundi akamwambia binti yake.

Siku tatu nzima yule mtoto aliishi akiamini amemuua bibi yake na roho ndiyo tu haijatoka. Hakula. Aliosha mikono mpaka ngozi ikachubuka. Na mama mtu alikuwa humo humo ndani, akimwona. Alikuwa amekwisha kufungua faili na kuona jinsi dozi ilivyopanda ngazi. Alijua mtoto alifuata namba aliyoiandika yeye. Niambieni, cheo gani duniani kina thamani ya siku tatu za namna hiyo?

Aliyekata mzizi wa fitina ni Sista Maswali. Alikuja nyumbani kwa fundi nami nikiwepo, bila kutumwa na mtu, akamwomba fundi afungue friji. Ndani kulikuwa na chupa saba za insulini ambazo hazijaguswa.

"Kaka, mbona zimejaa hivi?"

"Huwa anapewa kila mwezi. Zinabaki."

Akaichukua iliyofunguliwa. Kwenye boksi lake kulikuwa na tarehe, kwa mwandiko mzuri wa Profesa, ambaye aliandika tarehe kwenye kila kitu.

"Kwa dozi hii chupa moja ingekwisha siku ya kumi na moja," Sista Maswali akasema taratibu. "Hii ina siku ishirini na tano ndiyo inaisha. Mdogo wangu, njoo hapa unisikilize. Bibi alikuwa anapata chini ya nusu. Mwili wake haujawahi kupata arobaini na nne hata siku moja, mpaka siku ile. Wewe hukukosea kitu. Aliyekosea ni aliyeandika namba bila kumtazama mtu."

Profesa hakulia. Aligeuka akamtazama mama yake, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Fundi akachukua lile boksi, akaliweka mezani polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mama yangu tutamuuguza," akasema. "Lakini huyu mtoto, mke wangu. Ulimwacha abebe lawama yako?"

Ndipo Sista Digrii alipoanguka chini akayatoa yote: kazi ya kununua, semina za saini, hofu ya kunyang'anywa kliniki. Kesho yake aliandika barua kwa baraza la wauguzi kwa mkono wake. Na mimi nikapeleka daftari langu, nikaonyesha saini nilizoghushi. Yeye alifutiwa shahada na leseni. Mimi nilipewa barua ya onyo, ukurasa mmoja na nusu, adhabu ambayo mpaka leo naiona ni ya dhihaka. Mfawidhi hakuulizwa chochote. Bado yupo ofisini kwake, anaita vikao.

Bibi sasa analishwa kwa kijiko, na anayemlisha ni mkwewe, asubuhi mpaka jioni. Fundi yumo ndani lakini mluzi sijausikia tena. Profesa alihamia kwa shangazi yake. Mama yake akipiga simu, shangazi ndiye anayepokea.

Kliniki akapewa Sista Maswali. Juma la kwanza aliweka mezani mabomba ya sindano na chupa za maji, akamwambia kila mgonjwa, "Nionyeshe." Wagonjwa arobaini. Kumi na watatu hawakuweza kuvuta kipimo sahihi. Kumi na watatu, ndugu zangu! Mmoja alikuwa dereva mstaafu ambaye hajui kusoma namba ndogo. Mwingine, mama wa makamo, alikuwa anajidunga juu ya nguo. Wote walikuwa na faili safi na dozi zinazopanda.

FUNZO

Wewe muuguzi unayesoma, usidharau nadharia. Nyuma ya yale maneno marefu kuna mtu amekaa kwenye kiti mbele yako, anaona aibu kusema kinachomshinda. Nadharia imeandikwa ili umtazame yeye kabla ya kutazama karatasi. Ukinunua kazi ya kuandikiwa, umenunua upofu, na gharama yake atailipa mgonjwa. Semina unayoisaini na kuitoroka ina siku yake ya kuhitajika, na siku hiyo hutapata muda wa kurudi darasani.

Ninyi walimu, mnaotoa alama ya juu kwa maneno matamu bila kumuuliza mwanafunzi hata swali moja la ana kwa ana, msinawe mikono. Na ninyi wakubwa wa hospitali, mkikimbilia kuilaumu familia kabla ya kufungua faili lenu, mnawatwika watoto mizigo ya watu wazima.

Na sisi makarani, majirani, marafiki, tunaosema "nisainie bwana" na "haina neno": ina neno. Nilisaini kwa kalamu ya ofisi, kwa sekunde tatu, nikicheka. Kila Jumapili naenda kumshika Bibi mkono, na kila Jumapili ananiuliza mimi ni nani.