Mtoto Aliyeshiba Bila Kunyonya

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima, na nguo za mtoto bado zilikuwa juu ya paa.

Yunzhen alizisikia akiwa kitandani. Paa lile bapa la kuanikia lilikuwa juu ya chumba chake tu, na upepo ulikuwa ukizichapa kwenye kamba... pah... pah... pah...

"A-De!" aliita. "Jinde! Nguo za mtoto!"

"Naenda, naenda!" mumewe alijibu kutoka chini, televisheni ikipiga kelele za besiboli. "Dakika moja tu!"

Dakika ya mwanamume anayetazama mechi mnaijua wenyewe.

Mama mkwe wake, Bibi Qiumei, alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake ng'ambo ya mto. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni, mkoba begani, akatoa amri zake. "Wewe A-Zhen, mzazi hatoki nje kabla ya mwezi kuisha. Huoshi kichwa, hupandi ngazi, hupigwi na upepo. Upepo wa sasa utakutafuna mifupa hadi uzeeni. Na wewe A-De, nguo za mtoto zitolewe kwenye kamba kabla jua halijazama. Kabla! Si baadaye. Umenisikia, au nikuandikie kwenye paji la uso?"

"Nimesikia, Mama."

Alisikia kwa masikio tu, yule.

Yunzhen alijikokota hadi mlango wa ngazi. Alijichukia siku zile. Nywele zake zilikuwa zimegandana kwa mafuta, jasho lake lilinuka tangawizi na mvinyo wa supu ya kuku aliyolishwa asubuhi na jioni, na maziwa yaliyovuja kifuani yalikuwa yamechachia kwenye nguo. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Kijiupepo kikamgusa shingoni, baridi, kama kidole kilicholowa. Akaogopa. Akarudi kitandani na kufunga mlango. Basi amri iliyomhusu yeye akaitii, na ile iliyomhusu mtoto akamwachia Jinde, aliyeikumbuka asubuhi ya pili.

Jinde alizishusha nguo zikiwa kavu, isipokuwa fulana moja nyeupe. Kifuani ilikuwa na doa la rangi ya usaha, bichi bado. Alilinusa, akakunja uso.

"Njiwa wa jirani hawana adabu," alisema. Akalisugua doa kwa kitambaa chenye maji, akaikausha fulana kwa pasi, akamvika mwanawe.

Yunzhen alimwona. Angesema nini? Kinyesi cha njiwa si habari.

Sasa, huyu mtoto alikuwa mwenye makelele tangu azaliwe. Jina rasmi la kwenye karatasi hakuwa amepewa bado; bibi yake alimwita Kibwa, ili yeyote mwenye jicho baya adhani hapo hapana kitu cha kutamani. Sijui nani aliwadanganya watu kwamba mtoto mchanga hulala kimya! Kibwa aliguna usingizini kama mzee anayejaribu kuvaa soksi. Pua ilimpiga filimbi. Alishikwa na kwikwi, akarusha mikono kama anayeanguka, akatulia. Mara pumzi ilisita... ikasita... mama yake akakaribia kufa kwa hofu... kisha ikarudi mbio, hah-hah-hah, na mwenyewe wala hana habari.

Yunzhen alikuwa amempigia simu muuguzi wa kliniki, akilia.

"Dada, tulia," muuguzi alimwambia. "Akiguna, tumbo linajifunza kazi. Filimbi ni pua nyembamba na kamasi kidogo. Pumzi zake bado hazijapata mwendo, lakini akisita kwa muda mrefu au akibadilika rangi midomo, mlete mbio. Mengine yote ni usingizi mwepesi tu. Usimnyanyue kila akiguna, utamwamsha bure."

Akajifunza. Alilala amefumba macho, akazitenganisha zile sauti mojamoja. Huu mguno wa hewa. Hii filimbi. Hii midomo inatafuta titi. Zilikuwa zake na mwanawe, lugha ya watu wawili, na kwa mara ya kwanza akajiona mama kweli.

Jioni ya siku ile aliyovikwa fulana, mwanga ukipungua dirishani, akasikia sauti asiyoijua.

Glu... glu... glu...

Akafumbua macho. Kibwa alikuwa amelala chali kando yake. Mashavu yalikuwa yamefyonzwa ndani, ulimi umekunjwa, koo likipanda na kushuka. Alikuwa anameza. Mdomoni hapakuwa na kitu.

Kisha tone zito likamtoka pembeni mwa mdomo, rangi ya usaha.

"Anaota ananyonya," Yunzhen alijiambia. Akamfuta. Kitambaa kikanuka banda la kuku lililonyeshewa mvua, na chini ya harufu hiyo, damu. Akakitupa mbali na kitanda.

Alimpa titi. Kibwa akageuza uso. Alimpa la pili. Kibwa akalitemea, akapiga ukelele, akajikunja nyuma kama upinde.

Ikawa hivyo kila magharibi. Mchana alilala tu, kutwa nzima, kama mtu aliyetoka karamuni. Matiti ya mama yake yakajaa, yakawa magumu kama mawe, yakawaka moto. Akayakamua kwenye bakuli na kuyamwaga huku machozi yakimtoka. Na mtoto je? Alinenepa! Mikono ikajikunja mafutamafuta, videvu vikawa viwili.

"Mwanangu huyu anashiba hewa," Jinde alicheka. "Atatupunguzia matumizi!"

"A-De, hanyonyi."

"Mtoto asiyenyonya hanenepi hivi. Mtazame! We mwenyewe umechoka, hukumbuki."

"Hebu mnuse mdomo."

Jinde alinusa, akarudi nyuma hatua mbili. "Amecheua," alisema. Hakumbeba tena siku hiyo.

Ndiyo, alicheua. Alicheua mabonge ya kijivu yenye nyuzinyuzi, yakanata begani kwa Yunzhen na kuteleza polepole mgongoni. Nepi zake zilitoka nyeusi, zinavuta kama lami, na uvundo wake ulimtoa mtu machozi. Mara moja, katikati ya bonge, Yunzhen aliona kitu cheupe. Alikivuta kwa kucha mbili.

Nyoya. Dogo, laini, limelowa.

Alitapika hapohapo sakafuni.

Akampigia muuguzi. "Na akimeza?" alinong'ona.

"Akimeza nini, dada?"

"Anameza usingizini... hana kitu mdomoni."

"Mate," muuguzi alisema. "Hata hivyo, kama hanyonyi, mlete kesho asubuhi, usingoje."

Lakini kabla ya kesho hiyo, jua likielekea mlimani, Bibi Qiumei alirudi. Hakuwa hata amevua viatu.

"Nani amechinja kuku humu ndani?"

"Hakuna, Mama," Jinde alijibu.

Bibi alipanda ngazi akinusa. Akamnyanyua mjukuu wake, akaweka pua kwenye ule mdomo mdogo. Uso ukamsawijika. Akamrudisha kitandani taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kinachoweza kumwagika.

"A-De. Nguo za mtoto zililala nje?"

Jinde alitazama sakafu.

"Nimekuuliza!"

"Mara moja tu, Mama. Siku ile ya mechi."

Kofi alilopigwa lilisikika hadi kwa jirani.

"Mama, ni nini?" Yunzhen aliuliza. "Niambie. Ni mwanangu."

Bibi aliketi, akapunguza sauti. "Ni mwanamke aliyekufa na mimba yake. Ana mabawa sasa. Hupita magharibi akitafuta nguo za watoto zilizosahauliwa, na akiiona moja anaidondoshea maziwa. Ndiyo alama yake. Nilisikia habari zake kwa mama yangu. Sikutaka kumjua zaidi ya hapo."

"Atamla?"

"Hamli! Afadhali angemla, tungejua ni adui. Anamlea, A-Zhen. Kwake yeye huyu ni wake. Akishamshibisha vya kutosha humchukua, na mtoto mwenyewe huenda akichekelea."

Yunzhen alimvuta mwanawe karibu. "Tufanyeje?"

"Fulana nitaichoma. Yeye nitamfukuza kwa kelele. Lakini mtoto lazima anyonye kwako, ashibe kwako, kabla giza halijashika. Mtoto mwenyewe ndiye atakayeamua mama yake ni nani."

"Na asipotaka?"

Bibi alikuwa ameshaanza kupanda paani, sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili.

Jinde alichoma fulana uani. Moshi wake ulipanda ukinuka nywele na nyama. Yunzhen alifunga dirisha, akamweka Kibwa kifuani, akampa titi. Kibwa akageuka. Akampa tena. Akageuka.

"Nyonya, baba. Nyonya kidogo tu."

Akakamua tone, akalipaka midomoni mwake. Mtoto alilisukuma nje kwa ulimi, uso ukimkunjamana. Kinyaa! Kibwa alikuwa anaona kinyaa, maziwa ya mama yake yakimchefua kama vile yale mengine yalivyomchefua Yunzhen.

Juu ya paa Bibi alianza kugonga sufuria. Gwang! Gwang! Gwang!

Kisha sufuria ikanyamaza ghafla.

Khrrr... khrrr... Kucha zilikuwa zikiburuzwa polepole kwenye saruji. Zikapita juu ya mlango, zikapita juu ya kabati. Zikasimama juu ya kitanda.

Kibwa alisikia. Shingo ile isiyoweza hata kubeba kichwa ikanyooka. Akaelekeza uso juu, akapanua mdomo wote, mwili mzima ukimtetemeka, kama kifaranga.

Na akatabasamu. Yunzhen alikuwa hajawahi kumwona akitabasamu.

Kwenye ufa wa dari palikuwa pameloa. Tone likajikusanya, likavutika, likashuka taratibu mithili ya kamasi ya mtu mwenye mafua, bila kukatika. Likaingia mdomoni.

Glu.

"Hapana!" Yunzhen alimnyakua, akakimbilia pembeni mwa chumba. Kibwa akalia kilio ambacho hakimo katika zile sauti alizojifunza. Akalia hadi sauti ikakauka. Midomo ikaanza kugeuka bluu. Aliinyoosha mikono kuelekea dari, na kwa mguu akampiga mama yake kifuani, akimsukuma.

"Mimi ndiye mama yako!" Yunzhen alimlilia. "Nimekuzaa mimi, we Kibwa, nimepasuka kwa ajili yako! Huyo amekufa! Huyo ananuka!"

Kucha zikamfuata juu kwa juu. Ufa ukaendelea kuloa, ukamfikia. Tone la pili likamwangukia mgongoni mwa mkono.

Lilikuwa la vuguvugu. Lilinata. Ule uvundo ukamwingia puani na kumshika ulimi: manyoya, damu iliyolala, kitu kilichofia mahali pasipo hewa. Alitaka kuukata ule mkono na kuutupa. Dirishani palikuwa pamebaki mwanga kidogo tu, na mwanawe alikuwa ameacha kupumua kati ya kilio na kilio.

Basi akafanya alilofanya. Msimhukumu, hamkuwapo.

Akafumba macho. Akalipaka lile tone kwenye chuchu yake, akalieneza kwa kidole, ngozi ikimsisimka mwili mzima, matapishi yakiwa nyuma ya meno.

Kibwa akanyamaza. Akanusa. Pua ikapiga filimbi yake nyembamba. Kisha akadaka titi, akavuta kwa nguvu hadi vidole vya miguu vya Yunzhen vikajikunja. Maumivu yalimpanda hadi kwapani, halafu maziwa yakafunguka, yakashuka yote kwa pamoja, na akatokwa na kilio cha raha bila kutaka.

Glu... glu... glu...

Juu ya dari kitu kilikung'uta mabawa. Kikatoa sauti ndefu ya mwanamke anayelia akiwa amejiziba mdomo. Kisha kimya.

Baada ya muda Bibi alishuka, mwiko ukiwa umevunjika mkononi. "Msiniulize nilichokiona," alisema. Alimtazama mtoto kifuani. Akashika mlango. "Ananyonya?"

"Ananyonya, Mama."

"Kwa kupenda kwake mwenyewe?"

Yunzhen alimpangusa mtoto shavu. "Kwa kupenda kwake."

Bibi Qiumei alilia kama msichana. Jinde akapanda, shavu bado jekundu, akacheka, akalia, akamwomba mkewe radhi mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada ya hapo. Kibwa alishiba, akasinzia. Aliguna kwa hewa. Akashikwa na kwikwi. Akasita kupumua, akaendelea. Yunzhen alizitambua sauti zote, mojamoja, na hakuna hata moja iliyomtisha.

Titi lake la pili, lile asilolipaka kitu, lilianza kuvuja lenyewe. Matone yakaanguka kwenye shuka, mazito, yakienea polepole.

Bibi alikuwa anakunja nepi. Akasimama. Akaziba pua kwa kiganja, macho yakimtoka machozi.

"A-De, fungua hilo dirisha," alisema. "Uvundo huu utatuua. Bado umo humu ndani."

Jinde naye alikuwa ameshajiziba pua kwa kola ya shati.

Yunzhen aliwatazama wote wawili. Akainamisha kichwa, akavuta pumzi ndefu juu ya mwanawe, juu ya shuka, juu ya kifua chake mwenyewe. Palinukia vizuri. Palinukia mtoto.

"Uvundo gani, Mama?" aliuliza.