Hafidha Akataa Kukandwa

Hafidha anauza kabichi, karoti na nyanya sokoni, Morogoro mjini. Mzigo wake hushuka kutoka milima ya Uluguru alfajiri. Saa moja asubuhi meza yake imeshajaa. Ni mwanamke mwenye sauti. Mteja akitomasa nyanya zake hovyo, anaambiwa hapohapo. Lakini kulikuwa na maneno fulani yaliyomnyamazisha.

"Hongera mama! Mwezi wa ngapi huo?"

Hafidha hakuwa na mimba. Watoto wake wa mwisho walikuwa mapacha, na walikuwa wameshafika miaka sita. Mimba ile ilivuta ngozi ya tumbo na kuachanisha misuli. Alipunguza mwili. Alifanya mazoezi. Ngozi ikaendelea kuning'inia. Jasho la chini ya ngozi ile lilimtoa vipele, na mgongo ulimuuma kila siku.

Mama mkwe wake, Bi Mwanaasha, alijua wa kumlaumu. "Ulikuwa mbishi wakati wa uzazi. Nikikukanda kwa maji ya moto, unapiga kelele. Nikikufunga kanga, unaifungua. Haya, jionee sasa."

Si kweli. Kanga hairudishi ngozi iliyolegea kiasi hicho. Lakini mtu akiambiwa jambo moja miaka sita, mwisho analiamini.

Siku moja Hafidha aliona tangazo kwenye simu. "Toa tumbo! Ingia asubuhi, toka jioni." Mahali penyewe ni Dumila, nyuma ya duka la vipodozi. Akapanga kwenda Jumamosi. Kabla ya kwenda alimwambia Kristina, jirani yake wa Mafiga. Kristina ni muuguzi.

Kristina aliacha kuanua nguo. "Nani atakupasua, Mama Ahmadi?"

"Daktari."

"Anaitwa nani? Amesajiliwa? Amesomea upasuaji wa namna hii?"

"Sijui, dada."

"Nani atakupa dawa ya usingizi? Presha ikishuka ukiwa umelala, nani atakuokoa? Ukihitaji damu, ipo? Huko si kusuka nywele! Unakatwa kutoka nyonga hadi nyonga. Misuli inashonwa, ngozi inaondolewa. Watu wamekufa kwa mambo haya."

Hafidha alipiga simu Dumila palepale, akauliza maswali yote. Mwanamume aliyepokea alicheka. "Dada, kama unaogopa, baki na tumbo lako." Akakata simu.

Hafidha aliweka simu chini. Alikuwa amebakiza siku mbili tu kumkabidhi mtu yule mwili wake.

"Nitafanya," alisema. "Ila nitafanya kwa daktari wa kweli."

Mumewe, Mansuri, alishangaa. "Mbona mimi sijalalamika?"

"Wewe hutoki vipele," Hafidha alimjibu. "Sifanyi kwa ajili yako, wala ya wateja. Mgongo unaouma ni wangu."

Walikwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Daktari bingwa alimpima, kisha akamuuliza maswali mengi.

"Upasuaji huu si dawa ya unene. Uzito wako umetulia?"

"Mwaka wa pili sasa."

"Unataka mtoto mwingine?"

"Nimemaliza."

"Vizuri, maana mimba nyingine inaweza kulegeza tena kila kitu. Una kisukari, presha? Unavuta sigara? Kuna dawa yoyote unayotumia?"

Hafidha alisita. Aliona aibu, lakini akasema. "Kuna majani ya kupunguza mwili. Nakunywa kila asubuhi."

"Acha kuanzia leo. Dawa nyingine za majani zinafanya damu isigande vizuri, nawe ukatoka damu nyingi kwenye meza ya upasuaji. Umefanya vyema kusema."

Daktari hakumficha kitu. Kovu litakuwa refu na halitaisha. Kidonda kinaweza kutunga usaha. Asibebe mzigo mzito hadi aruhusiwe, na si chini ya wiki sita. Tena aanze kutembea mapema, hata kama ameinama, kwa sababu damu inaweza kuganda miguuni, kisha ikapanda hadi kwenye mapafu.

Upasuaji ulikwenda salama. Baada ya siku chache hospitalini, Hafidha alirudi Morogoro. Kosa lilifanyika hapo nyumbani, na wengi wetu tungelifanya.

"Aliyekatwa tumbo ni mzazi," alisema Bi Mwanaasha. "Atalala arobaini nzima." Akamletea uji wa pilipili manga kitandani. Akamkataza hata kufika uani. Hafidha aliona haya kumbishia mama mkwe anayemhudumia kwa upendo. Akalala siku nne.

Siku ya tano mguu wa kulia ulivimba. Ulikuwa na joto, na ulimuuma nyuma ya goti kushuka chini. Bi Mwanaasha akaja na beseni la maji ya moto na kitambaa.

"Damu imesimama. Lete mguu niukande, ishuke."

"Hapana, mama."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia Bi Mwanaasha neno hilo.

"Nimekanda wazazi miaka arobaini!" alifoka.

"Nakuheshimu, mama. Lakini mimi si mzazi. Mimi nimepasuliwa." Hafidha alikuwa analia, ila sauti haikupungua. "Mguu huu haukandwi, wala tumbo hili. Kama damu imeganda, ukiikanda inaweza kwenda kwenye mapafu, nikafia mikononi mwako. Mansuri, ita bajaji!"

Mansuri alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. Akatoka mbio kuita bajaji.

Hospitalini waliupiga picha mguu. Damu ilikuwa imeganda kweli. Hafidha akalazwa, akaanzishiwa dawa.

"Mngeukanda mguu huu," daktari alisema, "pengine sasa mngekuwa mnachimba kaburi."

Bi Mwanaasha alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa bado kiko mkononi. Alikikunja, akakificha chini ya kanga. Hafidha aliporudi nyumbani, mkwewe ndiye aliyemshika mkono na kumtembeza uani. "Daktari alisema mara tano kwa siku. Hii ni ya tatu. Inuka."

Miezi mitatu ikapita. Kidonda kimepona, vipele vimekwisha, na mgongo umepata nafuu. Daktari amemruhusu Hafidha kubeba mzigo, naye amerudi kwenye meza yake.

Juzi Irene, binti wa jirani, alirudi nyumbani baada ya kujifungua kwa upasuaji. Shangazi zake walishabandika maji jikoni. Bi Mwanaasha aliingia bila hodi, akasimama kati yao na mlango wa chumba cha Irene.

"Huyu amepasuliwa," alisema. "Hakandwi. Maji hayo kaogeeni nyinyi."