Vidonge vya Dirishani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alifuta vioo vya teksi huku baba yake akipasha injini moto. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, kwa jinsi binti yake alivyokuwa mwepesi wa hasira. Siku hiyo alipofungua kidroo cha mbele kutafuta kitambaa, alikuta vidonge vya presha vya mwezi mzima. Hata kimoja hakikuguswa.

"Baba, mbona hujameza dawa?"

"Dawa gani? Ile ya kupewa dirishani kama chipsi?" Baba alicheka. "Mtu asiyekuambia hata uketi, huyo anatibu nini?"

Madereva wenzake kijiweni walisema vivyo hivyo: pale kliniki unatiwa dawa kupitia dirisha la gari, kama gari linavyotiwa mafuta. Pilipili hakucheka. Juzi tu baba alishikwa na kizunguzungu kwenye usukani, wakaponea chupuchupu kugonga nguzo. Pilipili alinuna njia nzima.

Walipitia kliniki, maana ilikuwa siku ya baba kupimwa tena. Huko wagonjwa hawakushuka. Magari yalipanga foleni na muuguzi aliwapima watu wakiwa ndani ya magari yao. Baba akatoa mkono nje, ukafungwa mkanda wa kipimo.

Muuguzi akasoma namba, akakunja uso. "Iko juu sana. Dawa unameza kila siku, mzee?"

Nyuma yao pikapu ikapiga honi. Piii! Piiiii!

"Kila siku, nesi," baba akajibu mbio mbio.

"Basi hizo hazitoshi. Nitamwomba daktari akuongezee kali zaidi."

Damu ilimchemka Pilipili. Kali zaidi, na zile za kwanza hata hakuzionja! Akafungua kidroo kwa kishindo, akainua pakiti.

"Si kweli, nesi! Hajameza hata kimoja! Vyote hivi hapa!"

Baba alimtolea macho. "Unaniumbua mbele za watu?"

"Ndiyo, baba!" Machozi ya hasira yalimtoka. "Afadhali uaibike kuliko nikukose!"

Pikapu ikapiga honi tena. Baba akatoa kichwa nje akafoka, "We! Subiri! Huoni natibiwa?"

Halafu akarudisha kichwa ndani taratibu. Alikuwa amejisikia mwenyewe akisema anatibiwa.

Muuguzi aliwaelekeza waegeshe pembeni, akawafuata.

"Mzee, ungemeza hizi na hizo kali kwa pamoja, presha ingeshuka ghafla. Ungezimia ukiwa na abiria. Na sisi tuna kosa letu, honi zikilia tunauliza haraka haraka. Lakini dirisha linakupunguzia foleni tu. Ukweli ni ule ule ambao ungeusema ukiwa umeketi chumbani kwa daktari. Ukimdanganya anayekutibu, anayeumia ni wewe."

Baba alipokea pakiti kutoka kwa Pilipili. Alichukua chupa ya maji ya binti yake, akameza kidonge kimoja kama alivyoandikiwa.

"Ila wewe, hasira zako!" alinung'unika.

"Nimezirithi kwako, baba."

Jioni kijiweni, dereva mmoja alimtania, "Vipi, umeshatiwa mafuta?"

"Nimepimwa," baba akamkatiza kwa ukali, "na wewe kesho ukapimwe. Na ukiulizwa, sema kweli, hata wakikupigia honi."