Uyoga wa Kwanza Huachwa

Mimi si mtu wa kukimbizwa na maneno ya kilabuni. Kwetu Mbuji kila mbuzi akifa ana mchawi wake, na mchawi mwenyewe huwa ni jirani mliyegombana naye. Hili nalisimulia kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu mvua zimeanza tena.

Clemence ni mtoto wa mama yangu mdogo, fundi simu pale Mbinga mjini. Kila mwisho wa wiki alirudi kijijini kwa mkewe, Eunice, na binti yao Glorious, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na sisi tulimcheka kwamba angekuwa na maziwa angemnyonyesha mwenyewe. Ugonjwa wake mwingine ulikuwa picha. Jumapili moja, badala ya kwenda misa, aliingia msituni na simu kupiga picha uyoga.

Msitu wenyewe ni shamba la zamani la ngolo, yale mashimo yetu ya kufukia nyasi mteremkoni. Waliolilima walikwisha, miti ikaota juu yake. Uyoga huota kwa wingi humo, na wanawake wetu huuchuma kwa sharti moja. Wa kwanza kuuona unaung'oa, unaugeuza tumbo juu, unauacha chini ya mti. Huo ni wa mwenye msitu. Ukishauacha, unaochuma baada ya hapo ni halali yako.

Mchana Clemence alipita kwetu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona kanisani hatukukuona?"

Alicheka, akampa mama simu. Picha zilikuwa nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Kulikuwa na uyoga mweupe mpana kama sahani, mwekundu, na wa njano uliojipanga kwenye gogo. Mama yangu, Walburga, alipitisha kidole taratibu, anatabasamu. Halafu akaacha kutabasamu.

Kwenye kila picha, pembeni, chini ya mti, palikuwa na uyoga mmoja uliogeuzwa. Kando yake nyasi zimelala duara, kama mahali palipotuliwa kikapu. Mti ulikuwa tofauti kila mara, lakini duara lilikuwa lilelile.

"Ulikuwa na nani huko?" mama akauliza.

"Peke yangu."

"Uliacha wa kwanza?"

"Mama mkubwa, sikuchuma hata mmoja. Nimepiga picha tu."

"Umeuchukua," mama akanong'ona. "Si ndio huu hapa mkononi mwangu?"

Picha ya mwisho aliipiga aliporudi nyumbani. Eunice amesimama mlangoni, Glorious kiunoni, wote wanacheka. Kizingitini, karibu na miguu ya Eunice, kulikuwa na uyoga uliogeuzwa. Chini ya ukuta, nyasi zilikuwa zimelala lile duara.

"Rudini mkamwachie wake," mama alisema. "Sasa hivi."

Niliongozana na Clemence. Jua lilikuwa linawaka, nami nilikuwa nanung'unika kwamba chakula changu kinapoa. Clemence alikumbuka kila mahali alipoinama kupiga picha. Hapa palikuwa na mwekundu, akasema. Palikuwa na kitundu tu, kibichi, kama jino limetoka kung'olewa. Kwenye gogo hapakuwa na kitu. Chini ya miti, vitundu. Msitu mzima ulikuwa umechumwa. Hatukupata hata mmoja wa kumwachia mwenyewe.

Manung'uniko yaliniisha. Ndege hawakulia. Kwenye shimo la mwisho la ngolo tulikuta duara la nyasi zilizolala. Tulisimama tukalitazama. Nyasi zilikuwa zinainuka, moja moja.

Kikapu kilikuwa kimetoka kuondolewa.

Clemence alianza kukimbia kuelekea kwake.

Tulikuta mlango wazi. Uji wa Glorious ulikuwa unatokota jikoni. Uyoga ulikuwa kizingitini, tumbo juu. Ndani, kitenge cha Eunice kilikuwa kimelala sakafuni. Clemence alikiinua. Chini yake udongo ulikuwa na vitundu viwili, kimoja kikubwa, kingine kidogo. Alipiga magoti akaingiza mkono kwenye kile kikubwa mpaka begani, asiguse kitu. Ndani ya kile kidogo kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, kama zile za chini ya uyoga. Zilikuwa bado zinatikisika.

Polisi walisema mke amekimbilia kwao Tingi. Tulikwenda. Tulimkuta mama yake Eunice anaanika dagaa wa usipa, akatuuliza kama mjukuu wake ameshaanza kutembea.

Clemence alirudia swali moja tu: kwa nini ameachwa yeye? Kuna siku mama alinijibu mimi, hakuthubutu kumjibu yeye.

"Watoto tunawaambia ule wa kwanza ni wa mwenye msitu," alisema. "Lakini Joakim, ukichuma wote, mwakani utachuma nini? Tunaacha mbegu."

Katika nyumba ile, wa kwanza kuonwa na mwenye msitu alikuwa Clemence.

Ukoo haukutaka kusikia. Miaka ilipopita wakaona mwanaume hawezi kuishi hivyo, wakamtafutia Hilda, binti wa Kigonsera, mpole na mchapakazi. Nilisimama kwenye kikao nikawasihi wamwache peke yake. Wakaniambia nina wivu. Clemence alikataa, akalia, mwishowe akachoka kukataa. Hilda amejifungua mapacha. Baba yao hawabebi. Nikimuuliza, hutazama sakafu.

Juzi mvua ya kwanza ilinyesha. Leo asubuhi nimepita kuwasalimu. Hilda alikuwa anawaogesha watoto uani, anawaimbia, na moyo wangu uliuma kwa jinsi alivyokuwa na furaha. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nyasi zilikuwa zimelala duara.

Nilichukua jembe nikalima pale mpaka duara likapotea. Nikaenda kunawa mikono. Niliporudi, udongo ule laini ulikuwa umebonyea tena, na safari hii duara lilikuwa pana kuliko la kwanza.