Tarumbeta la Kuonyesha Wageni

Sogeeni, jamaa zangu, na mwenye mtoto amwite naye asikie, maana habari hii inamhusu. Kuna nyumba moja ambayo mngeipita barabarani mngesema, hawa Mungu amewapendelea. Na kweli aliwapendelea, mpaka sifa zilipobisha hodi wakazifungulia mlango.

Baba wa nyumba hiyo aliitwa Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyeongoza shirika la muziki la mtaa, lile la kujitolea, lisilotafuta faida, lililofundisha watoto bure. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walijaliwa binti mmoja tu, na kila mtu alimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kutulia. Akikosa la kusema, alipuliza tarumbeta.

Jumamosi asubuhi mama alitoa cherehani yake kibarazani, ng'ambo ya barabara kutoka ukumbi wa shirika, akashona huku akisikiliza. Huko ndani kulikuwa na makelele ya kumtoa nyoka pangoni! Huyu anakosea, yule anacheka, mwingine ameipania ngoma kana kwamba imemtukana. Mwalimu wa muziki, kijana aliyejitolea, alikuwa akipaza sauti, "Tena! Kuanzia mwanzo!" Katikati ya vurugu hiyo mama alilitambua tarumbeta la mwanawe, kama mtu anavyoitambua hodi ya mtu wake. Mguu wake ulifuata mapigo na mshono ukaenda vizuri.

Kisha wakaja wafadhili na vyombo vipya vinavyong'aa. Watoto wakawafanyia onyesho, likarekodiwa, na Chiriku alipopiga peke yake katikati ya wimbo, wageni walisimama kupiga makofi. Mwenyekiti akasifiwa yeye. Akavishwa kilemba cha ukoka, naye akakikaza kichwani kisimdondoke.

Siku chache baadaye mtoto mmoja aliangusha tarumbeta, likabonyea kidogo. Kidogo tu! Mwenyekiti alivikusanya vyombo vyote, vipya na vya zamani, akavitia stoo, akafunga kufuli na kuuning'iniza ufunguo shingoni.

"Vitatoka wageni wakija," alisema. "Watoto hawa wataviua."

"Sasa mimi niwafundishe kwa kutumia nini?" mwalimu akauliza.

"Wafundishe kusimama, kushika chombo, kuinama na kutabasamu. Mgeni anaanza kuona kabla hajasikia."

Basi watoto wakawa wanajifunza kwa vijiti. Vijiti, jamaa zangu! Wageni walipokuja tena, vyombo vilitolewa vimefutwa vikametameta, na watoto wakavaa sare zenye utepe wa dhahabu alizoshona mama Chiriku. Nyuma ya pazia Mwenyekiti akawasha spika, ikaimba rekodi ya lile onyesho la kwanza. Watoto wakavimbisha mashavu. Wageni wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaondoka chai yao ikiwa bado ya moto.

Mama alikuwa amekaa viti vya nyuma. Alimwona mwanawe anavimbisha mashavu mbele, na akalisikia tarumbeta lake linatokea kwenye pazia. Jioni alishindwa kunyamaza.

"Baba Chiriku, ule ni uongo."

"Uongo uko wapi? Si sauti zao wenyewe? Kwani nimeazima kwa jirani?"

"Ni sauti zao za zamani."

"Sauti haizeeki, mke wangu. Wageni wamefurahi, watoto wamepigwa picha, wewe umenuna. Unataka nini hasa?"

"Nataka kusikia makelele."

Mwenyekiti akacheka, akadhani mkewe anatania.

Haukupita muda, mwalimu akaja kibarazani kuaga. "Shemeji, mimi nafundisha muziki, sifundishi maonyesho ya nguo. Lakini nakuomba, mtoto huyu apewe tarumbeta lake. Midomo ya mpigaji isipofanya kazi inalegea. Na vile vibonyezo visipotumika, visipotiwa mafuta, vinaganda."

Mama alimfikishia mumewe maneno hayo neno kwa neno.

"Vigande vipi?" Mwenyekiti akaudhika. "Si nakuona wewe mwenyewe unanipa kitambaa navifuta?"

Alifuta nje, jamaa zangu. Ndani hakugusa. Mama akaomba ufunguo, akaambiwa kesho, na kesho ya Mwenyekiti ilikuwa haina asubuhi. Alichoka kugombana. Akarudi kushona utepe wa dhahabu, huku sindano ikimchoma vidole kila mara. Chiriku naye maneno yakaanza kupungua.

Ndipo ikaja habari kwamba mkuu wa shule moja ya muziki atatembelea shirika, na kwamba akimpata mtoto anayefaa atamchukua, amsomeshe mpaka awe mwanamuziki kamili. Chiriku alimfuata baba yake mezani kabla hajamaliza kula.

"Baba, naomba nipe tarumbeta nifanye mazoezi. Wiki hii tu."

"Ulichubue kabla hajafika? Utalishika siku yenyewe."

"Baba, nitaharibikiwa."

"Utaharibikiwaje, na kila kitu kimo kwenye spika? Wewe tabasamu."

Mama akamtazama mumewe, akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," akaondoa sahani mezani. Hasira aliyokuwa nayo ingetosha kuchemsha chungu.

Siku ikafika. Ukumbi ulipambwa, watoto wakapangwa, spika ikaanza. Mkuu wa shule, mwanamke mtulivu mwenye miwani, alisikiliza amefumba macho. Tarumbeta lilipoimba peke yake, alifumbua macho na kuinua mkono.

"Zimeni hiyo rekodi. Aliyepiga tarumbeta humo ndani yupo hapa?"

Watoto wote wakamgeukia Chiriku. Mama akashika ukingo wa kiti.

"Ni wewe?" mgeni akauliza, uso wake umejaa furaha. "Njoo, mwanangu. Nipigie pale pale, polepole tu."

Chiriku akasogea. Akaweka vidole kwenye vibonyezo, akabonyeza, havikushuka. Akabonyeza tena mpaka kucha zikawa nyeupe. Akapuliza, ukatoka upepo mtupu, kisha mlio wa bata aliyekabwa. Mtu akacheka huko nyuma.

"Anaona haya tu, mgeni wetu!" Mwenyekiti akadakia. "Chiriku, piga kama kawaida!"

Mtoto akalishusha tarumbeta. "Kawaida napiga nini, baba? Mimi sijui kupiga. Najua kushika."

Mgeni alilichukua tarumbeta, akajaribu vibonyezo kimoja kimoja, akalirudisha taratibu mikononi mwa mtoto.

"Yule wa kwenye rekodi ningemchukua leo hii," akamwambia Mwenyekiti. "Huyu mmemfanya nini?"

Mama ndiye aliyeinuka. Alipita katikati ya viti, akaikata kamba ya ufunguo shingoni kwa mumewe kwa mkasi wake wa ushonaji, mbele ya mgeni na watoto wote, akaenda kuifungua stoo vilimobaki vyombo vingine.

"Bebeni!" aliwaambia watoto. "Bebeni vyote, nendeni navyo!"

Lakini mgeni alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake. Nafasi ile ilikwenda kwa mtoto wa mtaa mwingine.

Tangu siku hiyo ukumbi umerudia makelele yake. Mwalimu aliombwa radhi, akarejea. Mwenyekiti alikaa na tarumbeta la mwanawe uani, akalitia mafuta, akahangaika nalo kwa mikono yake mpaka vibonyezo vikalainika. Akaliweka mezani mbele ya Chiriku.

"Mwanangu, nipigie kidogo. Nisikie tu."

Chiriku akageuka kutazama mlangoni. "Kwani wageni wamefika?"

Akachukua vyombo vichafu, akaenda kuviosha. Baba yake alibaki ameketi, na tarumbeta likabaki mezani.

Kila Jumamosi mama huketi kibarazani na kusikiliza. Anazisikia sauti zote, ila ile aliyokuwa akiitambua.

FUNZO

Jamaa zangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji hayo wanaonyweshwa ni watoto wetu. Chombo cha muziki huharibiwa zaidi na kufungiwa kuliko kuangushwa, na mtoto ni vivyo hivyo. Makelele ya anayejifunza yasikuudhini, maana ndiyo kazi yenyewe. Wafadhili nanyi, kabla hamjapiga makofi, ombeni spika izimwe. Na wewe uliyeona ukanung'unika, kisha ukaendelea kushona utepe wa dhahabu, usiseme hukuhusika.

Kwenye mtaa wenu pia kuna stoo. Nendeni leo mkaulize ufunguo anao nani.