Sakafu Iliyokuwa Ikinesa

Nyumba ya Ismay kule Berbice ilisimama juu ya nguzo, kama nyumba nyingi za pwani ile. Sakafu yake ilikuwa ya mbao ngumu, inayong'aa. Lakini ukipita katikati ya sebule, ilinesa kama godoro.

Binti yake, Yonette, alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu. Jioni ya kuamkia harusi ni lazima ngoma ya kwe-kwe ichezwe nyumbani kwao bibi harusi. Watu hufanya duara, huimba, na kukanyaga sakafu kwa nguvu zao zote.

"Tukachezee kwa mjomba, mama," alisema Yonette.

"Wakwe zako waseme sina nyumba?"

Mjomba mwenyewe, Lennox, alikuja na jibu lake. "Dada, tupigilie mbao nyingine juu. Siku moja tu, kwisha."

Jirani yao Waveney, fundi seremala kama baba yake, alicheka. "Kaka Lennox, mtu akilegea magoti, unamvisha kofia? Twende chini tukaangalie."

Chini ya nyumba, Waveney alichoma kila boriti kwa bisibisi.

"Hakuna kuoza, hakuna mchwa. Ila boriti hizi zinazobeba sakafu ni ndefu mno, na katikati hazina kitu cha kuzishikilia." Akafagia vumbi kwa kiatu. Zikatokea alama mbili za mraba. "Hapa palikuwa na nguzo. Nani alizing'oa?"

Ismay alizitazama zile alama.

"Ni mimi," alisema. "Nilimsumbua marehemu mume wangu mwaka mzima. Nilitaka nafasi ya kutundika bembea yangu. Akazing'oa ili apumue. Na miaka yote hii nawaambia watu alinunua mbao mbovu."

Machozi yakamlengalenga. Waveney akamshika bega.

"Mbao zake hazina kosa, dada. Wala wewe hukujua. Nguzo tutazirudisha."

Walichimba mashimo mawili, wakamwaga zege, wakaliacha likomae wiki nzima. Nguzo ikikaa juu ya udongo mtupu huzama. Kisha wakapitisha mhimili mnene wa mbao chini ya boriti zote, wakaanza kuuinua kwa jeki. Lennox akapiga jeki kama anayekimbizwa.

"Polepole!" Waveney alimkemea. "Ukilazimisha, kuta zitapasuka na milango itakwama. Leo kidogo, kesho kidogo."

Siku ya nne mhimili ulizibana boriti zote sawasawa. Nguzo zikasimamishwa juu ya zege, chini ya mhimili, zikakazwa. Mwisho, kati ya boriti na boriti, waliweka vipande vya mbao ili zisaidiane kubeba.

"Toboa kwanza, ndipo ukaze skrubu," Waveney alisema. "Mbao ngumu hupasuka."

Jioni ya kwe-kwe, sebule ilijaa hadi mlangoni. Duara likaanza. Miguu arobaini ikashuka pamoja, na sakafu ikatulia. Nyanya yake bwana harusi akafuta jasho.

"Ismay! Sakafu yako ina nguvu kuliko kiuno changu!"

Watu wakacheka. Ismay aliteremka ngazi peke yake, akaweka kiganja juu ya nguzo mpya. Vishindo vilipita ndani yake, vizito, vimetulia.

"Nisamehe, Vibert," akamnong'oneza mumewe.

Juu walikuwa wanamwita mama wa bibi harusi. Akapanda, akavua viatu, akaingia katikati ya duara.